Tumbo, Bega na Roho Juu

Mombasa kila mtu ana alsa, yaani vidonda vya tumbo. Taja tu kwamba tumbo linakusumbua, iwe barazani kwenye kahawa au ndani ya matatu ya Bamburi, na utasimuliwa matumbo ya ukoo mzima: fulani alipona kwa maji ya kabeji, fulani kwa habasoda na asali, fulani mpaka alipopelekwa India. Hakuna atakayekuuliza unalala saa ngapi au unadaiwa na nani. Ukiongeza kwamba shingo na mabega nayo yanauma, hiyo huhesabiwa kesi nyingine kabisa, yenye mafundi wake na dawa zake: mafuta ya kuchua, chuku, sindano ya dukani, mkandaji.

Nimeishi na kesi zote mbili kwa miaka, na kwa ninavyoziona sasa, kwangu na kwa wengi ninaowajua ni kesi moja. Aliyezishika zote mbili ni wasiwasi. Msinielewe vibaya, maumivu si ya kujitungia. Tumbo langu likisokota linasokota kweli, na bega likikaza hata wewe ukiligusa utalisikia. Ila ukitibu tumbo peke yake na bega peke yake, huku kinachoyakoroga yote mawili hakijaguswa, utazunguka maduka ya dawa ya mji huu mpaka uwajue wauzaji kwa majina.

Kazi yangu ni klaringi, kuwatolea wateja mizigo bandarini. Kwa asiyeijua: meli ikishusha kontena la mteja Kilindini, kuna siku chache za bure. Zikiisha, bandari inaanza kuhesabu gharama ya kuhifadhi mzigo, na wenye meli nao wanahesabu ya kwao ya kucheleweshewa kontena, kwa dola, kila siku inayopita. Karatasi ikikosewa namba moja, au mfumo wa forodha ukigoma mchana kutwa, siku zinakatika na mteja yuko Kampala anapiga simu. Simu yenyewe haijaisha, tumbo limeshaanza. Taya limekaza, ulimi umegandamana na kaakaa, mabega yamepanda karibu na masikio, na mwenyewe sina habari kwa sababu macho yote yako kwenye kompyuta.

Maelezo yake si ya ajabu. Ubongo ukihisi hatari, mwili unamwaga adrenalini, na kotisoli inafuata nyuma, ili ujiandae kupigana au kukimbia. Moyo unakwenda mbio, pumzi inapanda kifuani, damu inapelekwa zaidi kwenye misuli. Kusaga chakula si jambo la dharura wakati huo, kwa hiyo tumbo lenyewe linapunguza kazi. Chakula kinakaa, unahisi umejaa, kichefuchefu kinakuja, mbweu haziishi. Utumbo mpana unafanya kinyume chake: unaharakishwa kusukuma kilichomo. Ndipo unamwona mtu ameshiba kwa vijiko viwili vya wali na papo hapo anatafuta choo. Misuli nayo imeshikwa ikingoja vita, na vita haviji, inakuja barua pepe nyingine. Msuli wa bega ukikazwa kidogo tu, lakini kutwa nzima bila nafasi ya kulegea, jioni utauma hata kama siku hiyo hukunyanyua kitu kizito kuliko kikombe.

Wala jambo hili halikujulikana jana. Mwaka 1822, katika kisiwa cha Mackinac huko Marekani, kijana Alexis St. Martin, kibarua wa biashara ya ngozi za wanyama, alipigwa risasi kwa bahati mbaya. Hakufa, lakini jeraha lilipopona liliacha tundu lililoingia moja kwa moja tumboni. Daktari wa jeshi, William Beaumont, akamchunguza kwa miaka kupitia tundu hilo, akitumbukiza vipande vya chakula vilivyofungwa uzi na kuvitoa kuona vimesagika kiasi gani. Matokeo aliyachapisha mwaka 1833, na mojawapo ya mambo aliyoyaona kwa macho yake ni kwamba kijana akikasirika, usagaji wa chakula unaharibika. Katikati ya shughuli hiyo St. Martin alitoroka akarudi kwao Kanada. Simlaumu.

Siku hizi tunajua zaidi. Utumbo una neva zake wenyewe, mamia ya mamilioni ya seli, na unazungumza na ubongo kupitia neva kubwa iitwayo vagasi. Sehemu kubwa ya nyuzi za neva hiyo hupandisha habari kutoka tumboni kwenda juu. Zinazoshusha amri ni chache. Kwa hiyo barabara ina njia mbili. Wasiwasi unavuruga tumbo, na tumbo lililovurugika linapeleka juu habari za kuzidisha wasiwasi. Zaidi ya hayo, kwa baadhi yetu utumbo unasikia kupita kiasi. Mwaka 1973 mtafiti mmoja wa Uingereza alijaza hewa puto dogo ndani ya utumbo wa wagonjwa wa aina yangu na wa watu wazima wa afya. Wagonjwa walilalamika maumivu puto likiwa bado dogo, kiasi ambacho wengi wa wale wengine hawakukijali. Gesi inaweza kuwa ileile, ila wewe unasikia kisu na jirani yako hasikii kitu.

Ukitaka kulielewa hili kwa mwili wako mwenyewe, njoo feri ya Likoni saa moja asubuhi. Mimi naishi ng'ambo na kazi iko kisiwani. Hofu yangu si ya maji. Wanaokumbuka feri ya Mtongwe iliyozama mwaka 1994 wana hofu yao, na ninaiheshimu. Yangu ni ya choo. Ukishaingia kwenye banda la kusubiri na umati ukakufunga kwa nyuma, kurudi ni kazi. Mbele kuna lango, kushoto mtu na baiskeli ya kreti za mayai, kulia mama na ndoo ya samaki, nyuma wanafunzi wanasukumana. Tumbo lililokuwa kimya nyumbani linaamka palepale, pale askari anapofunga lango na kusema mngojee inayofuata. Kivuko chenyewe ni dakika chache. Lakini mimi nimeshaanza hesabu: choo cha kulipia upande wa pili kiko wapi, sarafu ninazo, nikipita kando ya wenye mikokoteni nitafika haraka, na je, kikiwa kimefungwa? Hesabu hiyo yenyewe ndiyo inayokoleza. Hujaumwa bado. Umeanza kuogopa kuumwa, na hofu hiyo inatosha kuyaleta maumivu yenyewe, nayo kesho yake yanakuwa ushahidi kwamba ulikuwa na haki ya kuogopa.

Halafu kuna kifungua kinywa. Chakula kikiingia tumboni, utumbo mpana hupata ishara ya kusogeza ulichonacho ili kupatikane nafasi. Hilo ni la kila binadamu, na asubuhi huwa na nguvu zaidi. Kahawa inaliongezea. Sasa kunywa chai ya maziwa, kula mahamri kwa mbaazi za nazi, kisha ukimbilie feri na roho juu. Wako wenzangu ofisini wanaokula hayohayo na kusinzia wakiwa wamesimama wakati wa kuvuka, na nawaonea kijicho. Wengine dawa yao ni kutotia kitu kinywani mpaka wafike kisiwani. Inasaidia kuvuka, ila saa nne njaa inawazidi, wanakula viazi karai na bhajia mbio mbio pembeni mwa barabara, na adhuhuri matumbo yamejaa gesi. Kwangu kinachofaa zaidi ni kuamka mapema, kula kidogo, na kuupa mwili muda wa choo kabla ya kutoka, bila mtu kugonga mlango. Nyumba yenye watoto, hilo la mwisho lataka mazungumzo.

Kuhusu chakula sitakaa sana, kwa sababu watu hukaa hapo mno. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Monash, Australia, waliandaa utaratibu wa kupunguza kwa muda vyakula vyenye aina za sukari ambazo utumbo hauzifyonzi vizuri: vitunguu maji na saumu, maharage na jamii yake, ngano, maziwa, embe. Ukiisoma orodha hiyo ukiwa Mombasa utacheka. Umeondoa jiko zima. Utaratibu wenyewe unafanyika kwa wiki chache, kisha vyakula vinarudishwa kimoja kimoja, na ni vizuri uwe na mtaalamu wa lishe. Lakini nimemwona binamu yangu akiondoa hiki leo na kile kesho, bila kurudisha, mpaka akabaki na wali mweupe na ndizi. Alikonda, akaacha kwenda harusini, na kila sahani akaitazama kwa mashaka. Hiyo nayo ni hofu, imehamia kwenye sinia.

Sasa mabega. Yuko bibi mmoja Majengo anayekanda. Hana bango wala namba ya simu mlangoni, unaletwa na mtu. Unalala kifudifudi kwenye mkeka, kichwa upande, na yeye anapasha mafuta ya nazi yenye karafuu ndani ya kijibakuli juu ya jiko la makaa. Haanzi mahali unapomwonyesha. Anaanzia mbali, karibu na kiuno, anapanda kwa vidole gumba taratibu kando ya uti wa mgongo, na akifika pembeni ya mfupa wa bega anasimama. Pale pana fundo ambalo mimi mwenyewe sikulijua, maana lenyewe haliumi. Likibonyezwa maumivu yanaruka mpaka nyuma ya sikio. Analibonyeza na kungoja.

"Vuta pumzi, mwanangu. Wanibania."

Ni kweli, nilikuwa nimeshika pumzi. Akanigeuza chali, akaweka kiganja juu ya kitovu, akanitazama.

"Na hili tumbo walikazia nini? Kuna mtu ataka kukupiga?"

Sikuwa najua kwamba nimelikaza. Lakini ndivyo alivyo mtu anayeumwa tumbo mara kwa mara: anajikunja kidogo akikaa, anakaza ukuta wa tumbo kujikinga, na tumbo likikazwa pumzi haishuki. Inabaki juu kifuani, fupi fupi, na misuli ya shingo ndiyo inayobeba kazi ya kuinua mbavu, kazi ambayo haikuumbiwa kuifanya kutwa. Ukipumua hivyo kwa haraka, unatoa hewa ya kaboni kupita kiasi, vidole vinafanya ganzi, kichwa kinakuwa chepesi, na hapo unaamini sasa ni moyo. Hivyo ndivyo tumbo linavyofika begani. Bibi hakusoma hayo darasani, ila katika milango yote niliyobisha, yeye ndiye wa kwanza kushika bega na tumbo siku moja.

Kinachonikasirisha katika habari hii yote ni dawa za maumivu. Bega likiuma unakwenda dukani, unatiliwa tembe za diclofenac au ibuprofen kwenye kijibahasha cha karatasi, na swali pekee unaloulizwa ni za shilingi ngapi. Dawa hizi zina kazi yake na zinaifanya vizuri. Lakini hupunguza kemikali zinazolinda ngozi ya ndani ya tumbo, na ukizila kila siku, hasa ukiwa na umri mkubwa, zinaweza kuchimba kidonda cha kweli. Tumbo linaanza kuwaka, unarudi duka lilelile, unapewa dawa za kupunguza asidi, omeprazole na pakiti ya ENO. Usiku hulali kwa kiungulia, asiyelala maumivu humzidi, bega linakaza, asubuhi unarudia diclofenac.

Na kwa kuwa tumeanza na alsa: kwa muda mrefu hata madaktari waliamini kwamba vidonda vya tumbo vinaletwa na mawazo na pilipili. Robin Warren na Barry Marshall wa Australia ndio waliobadilisha hadithi hiyo, walipoonyesha bakteria aitwaye Helicobacter pylori. Mwaka 1984 Marshall alikunywa bakteria hao ili kuwathibitishia wabishi, tumbo lake likapata uvimbe, na mwaka 2005 wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel. Visababishi vikubwa vya vidonda ni bakteria huyo na dawa za maumivu nilizozitaja. Bakteria anatibika, kwa antibayotiki pamoja na dawa ya kupunguza asidi, na matibabu huchukua kama siku 14. Tatizo ni kwamba wengi wetu tumepewa alsa kwa tone la damu la kidoleni. Kipimo cha damu kinaweza kuonyesha kwamba uliwahi kukutana na bakteria huyo, hata kama hayumo tena. Kipimo cha choo au cha pumzi ndicho kinachoonyesha kama yumo sasa.

Mjomba wangu alikuwa na alsa ya kweli. Alibeba magunia bandarini ujanani, mgongo ukamlipiza uzeeni, na diclofenac ikawa sehemu ya chai yake ya asubuhi. Siku moja choo kikatoka cheusi kama lami. Akanyamaza. Kizunguzungu kilipomwangusha msalani ndipo binti yake alipomkimbiza hospitali, akaongezwa damu. Kwa hiyo mtu akija kwangu na tumbo, simwambii kwamba ni wasiwasi kabla hajapimwa. Choo cheusi au chenye damu, kutapika damu, kukonda bila sababu, chakula kukwama kinaposhuka, homa isiyoeleweka, upungufu wa damu, maumivu yanayokuamsha usingizini, au tumbo lililobadilika tabia ukiwa umevuka miaka 50: hayo ni ya hospitali, si ya tangawizi. Kifua kinachobana maumivu yakashuka mkononi au kupanda tayani, na jasho jembamba, usikiite gesi ukalala. Na mgongo unaoambatana na ganzi mapajani, miguu kulegea au kushindwa kuzuia mkojo, usimpelekee mkandaji.

Mimi nilipimwa: kamera ya tumbo, damu, choo, tezi ya shingo. Vyote safi. Mtu asiye na wasiwasi angefurahi. Mwenye wasiwasi majibu mazuri humkaa siku chache tu, kisha anaanza kufikiri kwamba mashine haikuona. Daktari, binti mdogo kuliko mimi, aliyapanga maumivu yangu kwa maswali: yanakuja angalau siku moja kwa wiki, kwa miezi mitatu au zaidi, yanahusiana na choo, na choo chenyewe kimebadilika mwendo na hali? Akasema ni IBS, utumbo unaosumbuka bila kidonda kinachoonekana. Kisha akauliza kuhusu usingizi, bega, kazi, na mama yangu aliyekuwa mgonjwa mwaka ule, akayaandika yote kwenye karatasi moja. Hakusema maumivu yako kichwani mwangu. Alisema mfumo wa tahadhari wa mwili wangu haushuki, na tutautibu kama tunavyotibu kitu kingine chochote.

Nyumbani ilikuwa hadithi nyingine. Shangazi alisema imani imepungua. Jirani alisema ofisini kuna watu wana hasadi. Nililetewa kombe, maji yaliyooshea aya za Kurani, lenye harufu ya marashi, nikalinywa, kwa sababu limeletwa kwa mapenzi na sioni lilipokosana na daktari. Kinachonishinda ni ule ushauri wa kila mtu wa kupunguza mawazo. Sawa, nayapunguza vipi? Mawazo hayana kitasa.

Mwili unacho, na ni pumzi. Mwaka 2001 watafiti wa Italia walichapisha kipimo chao cha watu waliosali rozari kwa Kilatini na pia kurudia maneno ya yoga. Pumzi zao zilishuka hadi kama sita kwa dakika, na mapigo ya moyo yakapata mpangilio mzuri zaidi. Hawakupima dhikri, lakini anayevuta tasbihi kwa utulivu baada ya alasiri ataijua hali hiyo. Nasema kwa utulivu, maana wapo wanaoivuta kana kwamba wanafukuzwa. Mimi pia nafuata mbinu ya Edmund Jacobson, daktari wa Chicago, ya tangu miaka ya 1920: unakaza msuli kwa makusudi kwa sekunde chache, kisha unauachia, ukisikiliza tofauti. Ngumi, mikono, mabega, taya. Naifanya mezani mteja wa Kampala akiwa hewani, hajui.

Dawa nayo ipo. Amitriptyline kwa dozi ndogo, dawa ya zamani ya sonona, huwasaidia baadhi ya wenye IBS; utafiti uliochapishwa Uingereza mwaka 2023 uliilinganisha na tembe bandia ikashinda. Hutumika pia kwa maumivu ya muda mrefu ya misuli na kwa usingizi. Inakausha mdomo, inaweza kufunga choo, na haimfai kila mwenye moyo mgonjwa, kwa hiyo si ya kununua kwa bahasha. Wengi wakiitafuta kwenye intaneti wakaona neno sonona, wanaitupa wakisema wao si wendawazimu. Tiba ya mazungumzo pia imethibitika, na hata tiba ya usingizi wa kuelekezwa, yaani hipnosisi, ambayo madaktari wa Manchester waliijaribu kwa matumbo ya namna hii tangu 1984. Washauri wapo Mombasa. Bei ya kikao ndiyo inayoweza kukurudisha msalani.

Meli bado zinakuja na mwisho wa mwezi tumbo langu bado linanguruma. Ila feri navuka. Ukienda kwa daktari, usimpelekee tumbo leo na bega mwezi ujao. Andika yote mahali pamoja, lini yalianza na nyumbani kulikuwa na nini wakati huo, na kila unachomeza, cha dukani na cha mitishamba. Miadi yangu ni baada ya Idi, na karatasi yangu ina maswali mawili. La kwanza ni kama dozi yangu ya amitriptyline inaweza kupunguzwa. La pili si langu: nataka kujua mtu aliyewahi kutoka damu tumboni apewe nini kwa mgongo, kwa sababu binti yake mjomba amekuta bahasha nyingine ya diclofenac chini ya godoro.